Bi Riyama Usi Mcha: Kitanda kwa Kitanda

Tulimzika juzi Ijumaa. Leo Jumapili, baada ya hitma, sisi jamaa zake tunayaweka maisha ya Bi Riyama Usi Mcha kwenye karatasi hii, ili yasije yakasemwa yasiyokuwa.

Alizaliwa tarehe 9 Novemba 1966, Kikwajuni, mtoto wa tatu wa Mzee Usi Mcha, fundi cherehani, na Bi Mwanakheri Simai. Alianzia chuo cha Kurani, kisha skuli za hapo hapo Ng'ambo. Mwaka 1987 alijiunga na mafunzo ya uuguzi, akahitimu 1990. Enzi hizo mwanafunzi hakupewa cheti kwa kujibu maswali tu. Alifundishwa kwanza kutandika kitanda na kumuamkia mgonjwa.

Kazi aliianza katika kituo cha afya cha shamba, kusini Unguja. Tangu 2003 alikuwa wodi ya wazazi ya hospitali moja ya mjini. Wakubwa wake walimfundisha kuwa zamu haikabidhiwi mezani. Anayetoka na anayeingia hutembea pamoja kitanda kwa kitanda: huyu kajifungua saa nne, huyu damu bado, ile mizani inadanganya. Baadaye makabidhiano yakahamia kwenye kompyuta. Kompyuta si mbaya. Lakini mmoja huandika akiwa kachoka, mwengine husoma akipata nafasi, na muuguzi mwenye wazazi kumi na tisa kwenye vitanda kumi na mbili hapati nafasi.

Aliolewa tarehe 7 Agosti 1992 na Bwana Mazin Hasan, seremala wa Amani, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2016. Siku ya nne ya fungate, jirani mmoja alishikwa na uchungu. Bibi harusi akatoka na hina mbichi mikononi, somo yake, kungwi aliyemfunda, nyuma anamfokea: “We Riyama! Umemuona wapi bibi harusi anakwenda kuzalisha?” Akajibu bila kugeuka: “Basi mwambie mtoto asubiri fungate liishe, somo!”

Jumatano, tarehe 15 Januari 2025, aliingia zamu ya asubuhi na kichwa kinamuuma. Saa nane mchana, wakati wake wa kutoka, wa kumpokea hakuwepo. Alikuwa amevutwa wodi nyengine. Faiza, binti wa kaka yake na muuguzi mwenzake, alimuona anajishika ukuta.

“Shangazi, kaa nikupime.”

Mashine ya presha ikaonyesha 194 kwa 120. Bi Riyama akacheka. “Toa thelathini. Mashine hii si unaijua?”

Kwa miezi kadhaa mashine ile ilipima juu. Fundi aliombwa, hakuja, na wauguzi wakazoea kupunguza kichwani.

“Hata ukitoa, shangazi, bado iko juu. Twende kwa daktari.”

“Nkienda, hawa namwachia nani? Wewe peke yako? Humuoni yule wa kitanda cha saba anavyovuja damu?”

Kumbe ile mbovu iliondolewa jana yake jioni, ikawekwa nzima ya sura ile ile. Muuguzi wa usiku aliliandika hilo kwenye kompyuta. Asubuhi mtandao ulikatika, na hakuna aliyetembea na mwenzake.

Alisimama na mwanamke wa kitanda cha saba dakika arobaini, akilikanda tumbo lake, mpaka damu ikakata. Mwanamke huyo yu hai. Saa kumi na robo mpokezi alipofika, Bi Riyama akaanza kumtembeza. Kitanda cha kwanza, cha pili. Cha tatu ulimi ukawa mzito, akaanguka. Kilikuwa kiharusi. Alifariki Ijumaa, tarehe 17, alfajiri, akazikwa Mwanakwerekwe baada ya sala ya Ijumaa.

Hatumtwiki mtu mmoja lawama. Yeye mwenyewe alikosea, kwa kuuzoea ubovu mpaka akaufanyia hesabu. Lakini maneno mawili ya mdomo, “mashine mpya”, yangemfikisha kwa daktari saa nane ile ile.

Ameacha watoto wawili, Majid na Fatma, wajukuu watatu, kaka yake Abdulhakim anayeandika haya, na Faiza. Faiza hayumo miongoni mwa wanawake waliokaa ndani leo. Yuko wodini. Zamu yake imekwisha tangu saa nane, na hajatokea wa kumpokea.

Mola amrehemu Riyama, ampe mapumziko.