Mara Mia Moja Themanini na Nane: Doña Ofelia Zubeldía Anaziaga Kurasa za Reli

Tunaanza kwa kuomba radhi. Jarida hili la wahariri wa kurasa za reli halijatoka kwa miezi minane, na hatuna sababu ya kutoa isipokuwa uchovu. Aliyekuwa akitukumbusha kila robo mwaka kwamba jarida halijiandiki lenyewe ni Doña Ofelia Zubeldía, na safari hii yeye mwenyewe alikuwa na shughuli nyingine, itakayoelezwa hapa chini.

Doña Ofelia anastaafu tarehe 30 Juni 2024, baada ya miaka kumi na sita ya kujitolea katika kamusi elezo yetu ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuiandika na, kwa bahati mbaya, mtu yeyote huiandika. Ana umri wa miaka sabini na tisa. Anasema macho yamechoka. Sisi tuliofanya kazi naye tunajua kwamba si macho peke yake.

Alizaliwa Villa Ormaechea, kwenye nyanda za magharibi mwa Ajentina, binti wa fundi wa karakana ya reli. Kwa miaka thelathini na mmoja alitunza chumba cha magazeti katika maktaba ya mji. Alipostaafu huko mwaka 2008, alifungua ukurasa wa stesheni ya kwao na kusoma kwamba jengo lile lilichorwa kwa ajili ya India, kisha michoro ikachanganywa bandarini na kuletwa Ajentina kimakosa. Alitafuta chanzo cha habari hiyo, hakukiona. Akaifuta. Kesho yake ilikuwa imerudi. Ndivyo alivyoajiriwa, kama neno hilo linafaa kwa kazi isiyo na mwajiri.

Habari ya India ameifuta katika kurasa za stesheni arobaini na moja. Kila mji unaamini kwamba ni stesheni yake peke yake iliyopotea njia. Aliwahi kuandika kwenye ukurasa wa majadiliano kwamba, kama madai yote yangekuwa ya kweli, Wahindi wangekuwa wanasubiri treni kwenye majani hadi leo. Hayo ndiyo mabishano pekee aliyowahi kushinda kwa mzaha. Mengine aliyashinda kwa kuchosha watu.

Namna yake ya kufanya kazi inafaa kuandikwa, kwa sababu wengi wetu hatukuweza kuiiga. Hakufuta neno bila kumwachia aliyeliandika ujumbe, na ujumbe huo hakuunakili kutoka mahali popote; aliuandika upya kila mara, kwa mkono wake, akiwa na kibuyu cha mate, ile chai ya majani ya Ajentina, kando ya kompyuta. Alishukuru kwanza. Kisha aliuliza swali moja: umelisoma wapi? Wahariri vijana walimwambia kwamba kuna kitufe cha kufanya yote hayo kwa sekunde moja. Alijibu kwamba aliyeandika hakutumia kitufe.

Sasa tufike Paso Lezcano. Ni kituo cha mwisho cha tawi la reli ambalo leo lina nyasi tu. Amri ya serikali ililifunga tarehe 30 Septemba 1977, na vitabu vyote vinasema hivyo. Lakini kuanzia mwaka 2010, Alhamisi moja au mbili kila mwezi, mtu asiye na jina aliingia kwenye ukurasa na kuandika kwamba treni ya mwisho ya abiria iliondoka Paso Lezcano Ijumaa tarehe 1 Desemba 1978. Hakuweka chanzo. Doña Ofelia alifuta, akashukuru, akauliza. Mtu yule hakujibu. Alhamisi nyingine alirudi na sentensi ileile. Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka tisa, mara mia moja themanini na saba.

Ramiro Echenique, mhariri mwenzetu kutoka Rosario, alipendekeza ukurasa ufungwe ili watu wasio na jina wasiweze kuugusa. Alimtania kwamba mtu huyo wa Alhamisi atamzika. Doña Ofelia alikataa kuufunga. Alisema kwamba mwongo huchoka, au hubadilisha maneno. Huyu hachoki wala habadilishi, na hilo linamsumbua zaidi ya uongo.

Mwaka 2019 jibu lilikuja, mstari mmoja chini ya ujumbe wake: “Sikulisoma popote. Nilikuwa ndani yake.”

Alipanda basi kwa saa nne kwenda Paso Lezcano kumtafuta. Alikuwa Don Eusebio Ledesma, mlinzi wa treni aliyestaafu, wakati huo mwenye umri wa miaka themanini na mitano, ambaye kituo cha wastaafu cha mtaani kwao kilimruhusu kutumia kompyuta siku za Alhamisi. Alimkaribisha chai ya mate na mkate mtamu, na akamweleza kwa utulivu kwamba tawi lilipofungwa, watoto sita wa mashamba ya mbali hawakuwa na njia ya kufika shuleni. Dereva, fundi na yeye waliendelea kutoa injini ndogo na behewa moja kila asubuhi kwa miezi kumi na minne. Ili wasifukuzwe, kila siku waliandika katika kitabu cha safari maneno matatu tu: ukaguzi wa reli. Dereva na fundi wamekwisha kufa. Kitabu kipo, na kinasema walichokiandika.

Doña Ofelia alimweleza kanuni. Kumbukumbu ya mtu, hata iwe nzuri namna gani, haiwezi kuwekwa kwenye ukurasa mpaka iwe imechapishwa mahali ambapo mwingine anaweza kuisoma. Don Eusebio alisikiliza mpaka mwisho.

“Ukurasa wako unasema tulirudi nyumbani, Doña,” alisema. “Hatukurudi.”

Siku hiyo walikubaliana. Yeye hataandika tena mpaka chanzo kipatikane, na Doña Ofelia atakitafuta. Don Eusebio ameshika ahadi hiyo hadi leo. Alhamisi zilipita bila sentensi yake, na Ramiro, ambaye alikuwa akimcheka, alikiri kwamba ukurasa ulimwonekea mtupu.

Ni Ramiro huyohuyo aliyeleta furaha ya mwaka 2021. Aligundua kwamba gazeti la wilaya lilichapisha toleo maalumu mwezi Juni 2018, na ndani yake mliandikwa wazi kwamba treni ya mwisho ilikuwa ya Desemba 1978, ikivuta behewa namba 314. Chanzo kimechapishwa, kina tarehe, kina ukurasa. Doña Ofelia aliirudisha sentensi kwa mkono wake mwenyewe, akaweka tanbihi, akampigia Don Eusebio simu. Inasemekana kwamba kituo cha wastaafu kilinunua keki.

Sentensi ilidumu siku nne. Siku ya tano, akisoma tena maelezo aliyoyaandika nyumbani kwa Don Eusebio, aliona kwamba behewa lilikuwa namba 341. Alifungua historia ya ukurasa. Mwezi Mei 2018 alikuwa hospitalini kwa upasuaji wa macho, na kwa siku tisa hakuna aliyeifuta sentensi ya Alhamisi. Katika siku hizo tisa tu, Don Eusebio alikuwa ameongeza namba ya behewa, na vidole vyake vikateleza: 314. Mwandishi wa gazeti hakuwa amezungumza na mtu yeyote. Alikuwa amesoma ukurasa wetu. Sisi tulikuwa tunalitaja gazeti, na gazeti lilikuwa linatutaja sisi, bila kusema.

Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeligundua kosa hilo. Alifuta mara ya mia moja themanini na nane. Kisha akapiga simu, kwa kuwa hakutaka Don Eusebio agundue mwenyewe kwamba imefutwa.

“Ungeweza kunyamaza, Doña.”

“Ningeweza.”

Don Eusebio aliuliza kama ni kweli gazeti lilimsoma yeye. Akaambiwa ni kweli. “Basi kuna mtu mmoja aliyenisoma,” alisema, na akamwomba aendelee kutafuta.

Hiyo ndiyo shughuli iliyomzuia kutukumbusha kuhusu jarida. Shule ya Paso Lezcano ilifungwa zamani, na karatasi zake zilitupwa ndani ya magunia katika ghala la manispaa. Doña Ofelia alikaa humo majira mawili ya joto, akiwa amevaa barakoa kwa sababu ya vumbi na popo. Mwezi Februari mwaka huu alipata daftari la mwalimu mkuu la mwaka 1978. Mnamo Mei limeandikwa kwamba watoto sita wa treni wamechelewa, injini imekataa kuwaka. Mnamo Agosti limeandikwa kwamba watoto wa treni wamefika wakiwa na barafu kwenye kofia. Na tarehe 1 Desemba: “Tumewasindikiza watoto wa treni stesheni. Mlinzi amewapa mkono mmoja mmoja. Haitakuja tena.”

Angeweza kuirudisha sentensi siku hiyohiyo kwenye ukurasa, na hakuna kati yetu ambaye angemgusa. Hakufanya hivyo. Daftari halikuchapishwa, limeandikwa kwa mkono, na kanuni zetu hazisemi wazi kama karatasi iliyohifadhiwa katika nyaraka za umma inatosha. Aliweka picha zake kwenye ukurasa wa majadiliano na kuomba wahariri watatu waamue, yeye asiwe mmoja wao. Alieleza kwa sentensi moja: mtu aliyemfuta mzee huyu mara zote hizo hawezi pia kuwa ndiye anayemrudisha. Kisha akatangaza kustaafu. Ukurasa bado unasema 1977.

Amekataa cheti, na amekataa ukurasa wa sifa kwa jina lake, akieleza kwamba usingekuwa na vyanzo vya kutosha. Tunamshukuru kwa jumbe elfu kadhaa alizoziandika upya kila mara kwa watu ambao wengi wao hawakujibu. Tunamshukuru kwa siku ile ya tano. Apate asubuhi zisizo na orodha ya mabadiliko ya jana, chai ya mate isiyopoa kwa sababu ya ubishi wa mtu asiye na jina, na akipita kwenye stesheni ya Villa Ormaechea aweze kulitazama jengo bila kufikiria India.

Mmoja wa wale watatu ndiye anayeandika haya, kwa hiyo hatasema zaidi kuhusu daftari. Don Eusebio ametimiza miaka tisini, na kompyuta ya kituo cha wastaafu imeharibika. Tukishaamua, tutaandika: kwanza kwake, kwa barua ya karatasi, kwa mkono, bila kunakili kutoka popote, kisha kwa Doña Ofelia, kisha hapa.