Cucu Waringa, Tati ya Plamu na Jina la Wangeci

Cucu wetu, yaani nyanya yetu, Teresia Waringa Ndegwa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa hapa Kinoo, kitinda mimba wa mzee Kibe na Muthoni. Alisoma shule ya msingi ya hapa mpaka darasa la saba, 1966. Ukimuuliza alikuwa anapata namba ngapi, alikuwa anabadilisha stori haraka sana.

Kuanzia 1969 aliuza matunda soko ya Dagoretti mpaka magoti ikakataa. Lakini wengi wenu mnamjua juu ya tati, ile keki bapa ya matunda. Hiyo ya plamu! Mamake alijifunza akipikia wazungu Limuru, akamfunza yeye, na haijawahi kuingia ovena. Unga, siagi, plamu za mti wa nyuma ya nyumba, sufuria kwa jiko, alafu makaa zingine juu ya kifuniko ndio iive pande zote. Mtoto akizaliwa, tati. Mtu akipita mtihani, tati. Paka ilipotea ikarudi, tati kidogo.

Guka Ndegwa alimuoa Disemba 1972, baada ya kuambia mamake, "Huyo msichana ananipikia kitu tamu hivyo, mimi hapa nyumbani nitakuja tu kuwasalimia." Walibarikiwa na Kihara, Wangeci na Ciru. Guka alituacha 2009.

Sasa, Agosti 2011 wakwe walitoka mtaa wa Jamhuri, Nairobi, kuleta mahari ya Ciru. Furaha ilimjaa Cucu mpaka akawaitia jikoni: "Kujeni muone vile sisi hupika!" Hawajafika mlangoni, akainua kifuniko na mkono moja. Ikayumba. Makaa na jivu yote, shwaa, ndani ya tati. Wageni nao ndio hao wanaingia. Aibu ikamshika, akageukia Wangeci, mwenye alikuwa tu anaosha vikombe.

"Wangeci! Si nilikuambia usiguse hiyo kifuniko?"

Wangeci akaendelea kuosha vikombe. Utamrudishiaje mamako maneno mbele ya wakwe? Mama Sammy, shangazi ya bwana wa Ciru, akaangua kicheko: "Haiya! Huyu Mama Jivu ataolewa na nani?"

Jina ikashika. Kila harusi, kila matanga: "Mama Jivu asikaribie chakula!" Na Wangeci, mwenye tati yake ilikuwa imeanza kushinda ya Cucu, hakuipika tena. Hiyo jina ikiitwa, Cucu alikuwa anainuka eti anaenda kuangalia chai, na chai haiko hata kwa moto. Aliona haya miaka hiyo yote, na hakusema.

Figo zilianza kumsumbua 2023. Mwaka huu, Februari, akiwa amechoka sana, aliambia Kihara aite wale wakwe.

"Mami, wachana nayo," Wangeci akamwambia. "Ni mambo ya kitambo."

"Hapana. Nilikuaibisha mbele ya watu. Siwezi kukuomba msamaha kwa kona."

Walikuja. Cucu akaomba ainuliwe akae. Akasema, "Kifuniko niliinua mimi. Nilikuwa naringa. Jivu nilimpakaza mtoto wangu nikijua."

Hakuna mtu aliangalia mwenzake. Mama Sammy alikazia macho viatu vyake. "Na mimi ndio nilimpatia jina," akasema polepole.

Wangeci hakulia, hakukimbia kukumbatia mtu. "Nimesikia, Mami. Lakini ulikawia."

"Najua," Cucu akasema, akajifunika uso na leso.

Alituacha tarehe 9 Aprili 2025, asubuhi, nyumbani, Wangeci akiwa amemshika mkono. Kabla aende aliagiza hii isomwe hapa vile iko, bila kupunguza, juu wale walicheka ni wengi kuliko wale waliingia kwa chumba chake. Kwa hivyo mmesikia, nyinyi wa mbele na nyinyi wa nyuma ya hema: haikuwa Wangeci.

Ameacha watoto wake Kihara, Wangeci na Ciru, mkwe wake Mutinda, bwana wa Ciru, dadake Raheli, na wajukuu sita.

Cucu, lala kwa amani. Tumewaambia.