Sahihi Ambayo Elisha Obonyo Hakuitia

Marehemu Elisha Okullo Obonyo alizaliwa tarehe 14 Mei 1921 huko Ugenya, Kenya. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita, baba yake akafariki, masomo yakaishia hapo.

Alikuja Kampala mwaka 1946, akaajiriwa na kampuni moja ya upakiaji pale bandarini Port Bell, kazi yake kupanga mizigo melini, na baadaye mabehewa ya treni ndani ya feri. Mwaka 1949 alimwoa Mama yetu, Loice Nabalayo, wakakaa Luzira.

Tangu 1958 ndiye aliyewafundisha wapakiaji wapya. Alilipeleka bandarini beseni la Mama, akaweka ubao uelee ndani yake, juu ya ubao akapanga maboksi ya kiberiti: moja kushoto, moja kulia. Aliyezamisha ubao alirudia, hata mara hamsini. Mama alilalamika miaka yote kwamba hana pa kufulia. Lakini kwa miaka kumi na sita, hakuna mzigo wala behewa lililoanguka.

Februari 1974 alikuja meneja mpya, mwanajeshi. Alilipiga beseni teke. "Mzee, hapana cheza na maji hapa! Watu iende kazi!" Akaleta watu ishirini wasioijua kazi, akamtaka Marehemu atie sahihi kwenye karatasi kwamba amewafundisha miezi mitatu.

"Afande," Marehemu alimjibu, "mimi natia sahihi ya mtu nimeona mikono yake kazini."

Akapewa ufagio.

Tarehe 9 Agosti wale ishirini walipakia upande mmoja. Feri ikainama, mabehewa mawili yakazama. Mungu alisaidia, hakuna aliyekufa. Karatasi ile ikaletwa tena, ina tarehe ya nyuma, ili lawama zimwangukie yeye. Akakataa. Alizuiliwa miezi minne, akarudi na figo zilizoumizwa kwa mateke. Wiki iliyofuata beseni lilikuwa mezani kwetu, na kila Jumapili baada ya kanisa wapakiaji walikuja kujifunza. Hata wale ishirini walikuja, mmoja mmoja, wakiona haya.

Alifariki nyumbani tarehe 3 Machi 1978 kwa maradhi ya figo. Jana mtu wa ofisi ya kampuni alikuja kututaka tufute habari za mabehewa katika wasifu huu. Hatukufuta. Tumezichapa, nimezisoma kwa sauti, na mtu huyo ameketi pale nyuma anasikia.

Ameacha mjane, Loice. Watoto wawili, Omolo na mimi Akinyi. Na wapakiaji themanini na watatu. Mliopitia beseni lake, kama mnaweza, simameni.

Apumzike kwa amani Baba yetu. Karatasi ile mpaka leo haina sahihi yake.