Refa Aliyeonyeshwa Kadi na Mkwe Wake

Kaka yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Refa, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1953, mtoto wa tatu kati ya sita. Mama yetu alisimulia kwamba alipozaliwa hakulia sana. Alitazama tu huku na huku, kama mtu aliyewahi mahali na anawasubiri wenzake.

Alianza shule ya msingi mwaka 1961, kisha akaingia chuo cha ufundi. Darasani alikuwa hodari wa hesabu. Mpira hakuujua, na tusimsifie ya uongo leo kwa kuwa hawezi kutujibu. Mwalimu wa michezo alimpa filimbi ili asiwaharibie wenzake timu, naye akaipenda kuliko mpira wenyewe.

Mwaka 1972 aliajiriwa idara ya maji akiwa fundi bomba, akatumika hadi alipostaafu mwaka 2013. Kazi yake ilikuwa kutafuta mabomba yanayovuja chini ya ardhi. Alfajiri, mitaa ikiwa bado imelala, alisimika fimbo ya chuma barabarani, akatega sikio na kufumba macho. Alisema maji huongea, na ukiyasikiliza sana unasahau uko wapi. Wenzake walimkuta ameinama vivyo hivyo, anatabasamu, na pahali panapovuja keshapajua zamani. Jumamosi alichezesha mechi za watoto.

Tarehe 4 Agosti 1979 alifunga ndoa na wifi yetu. Wifi anasema alizoea kulala na mume anayepuliza filimbi usingizini, kwa midomo tu, bila sauti. Walijaliwa binti mmoja na wavulana wawili.

Mwaka 2019 mke wa kijana wao mdogo alitaka kujifunza urefa. Sheria zote alizijua, mbio alikuwa nazo, ila heshima ilimponza. Mtu mzima akimfokea, yeye husema samahani. Kaka akamfanyisha mazoezi uani, akijifanya kocha mkorofi. "Refa gani wewe? Huoni?" Binti wa watu akapiga goti, akampa kadi ya njano kwa mikono miwili, kama anamkaribisha chai. Wifi alicheka hadi akakaa chini.

"Mwanangu, nyumbani mimi ni baba yako," kaka akamwambia. "Uwanjani mimi ni mdomo tu."

"Siwezi, baba. Watasema nimekukosea adabu."

"Na watoto wakionewa kwa sababu unaniheshimu mimi, hiyo adabu itawafaa nini?"

Usoni mkwe alionekana kama mtu atakayerudisha filimbi kesho yake.

Siku ya mechi yake ya kwanza ukungu ulitanda uwanjani, watoto wakitokea na kupotea ndani yake kama ndoto. Mjukuu wa kaka akafunga goli. Mkwe akalikataa: ameotea. Kaka akaruka kutoka benchi akifoka, na mpaka leo hatujui kama alikuwa anaigiza. Mkwe wake akamfuata hadi mstarini na kuinua kadi juu ya kichwa. Mkono mmoja. Kaka alirudi nyumbani kama anayeelea. "Mama watoto, leo nimelimwa kadi!" Kadi hiyo aliisimulia kuliko harusi yake.

Februari mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Wiki za mwisho alikuwa nusu yuko nasi, nusu yuko uwanjani. Aliuliza kama nyasi zimekatwa, akamwomba muuguzi asogee, amekanyaga mstari. Alituaga alfajiri ya Jumatano, tarehe 14 Mei 2025. Tumeumia sana.

Ameacha mjane, watoto watatu, wakwe watatu, wajukuu saba na sisi dada zake wawili. Mmoja wa wakwe hao mtamwona akiondoka kabla mazishi hayajaisha. Msimsengenye. Jana wazee wa familia walimwagiza aahirishe mechi ya leo. Akawatazama machoni, akasema, "Baba nimemlilia, na nikirudi nitamlilia tena. Watoto wanacheza leo."

Mpisheni njia.

Nawe kaka, pumzika. Mungu akulaze pema.