Hirizi ya Mzee Sadala

Basi lilipotoka Handeni, Mwanaidi alikuwa ameifumbata barua ya daktari kiganjani. Ilimwita Korogwe akapigwe picha ya kifua mara ya pili, kwa sababu ya kwanza ilionyesha doa.

Kwenye kiti cha mbele yake, mzee Sadala, mkata mkonge, alikuwa akimsimulia mama aliyeketi naye, kwa sauti ya mtu asiyejali nani anasikia.

"Balozi wa nyumba kumi alitupanga mstari sote tupigwe picha za kifua. Mpiga picha akasema vueni vya shingoni. Hirizi yangu ya kibati niivue mbele za watu? Nikaisukumia mgongoni, nikajua huko picha haifiki."

"Kumbe inafika!"

"Inampenya mtu kama mwanga kwenye chandarua! Wakaona doa, wakadhani kifua kikuu. Wiki tatu nimekula peke yangu, wajukuu hawanisogelei. Juzi nimerudia bila hirizi, kifua safi kabisa."

"Shukuru Mungu, mzee. Sasa hiyo hirizi itupe, imekutesa."

"Niitupe? Na miaka yote hii kwenye vumbi la mkonge, nani kanikinga?"

"Mapafu yako mwenyewe!"

"Na mapafu nani kayakinga?"

Walikuwa bado wanabishana basi liliposimama Korogwe. Mwanaidi hakuinuka upesi. Alipeleka mkono mgongoni, chini ya kanga, pale alipoisukumia hirizi yake ya kibati siku ile ya picha, akaivua. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu barua ifike, akavuta pumzi mpaka kifua kikajaa.