Darasa la Kulia la Vijana wa Selimundu

Mgeni rasmi, karibu Mwisenge. Tunamshukuru Mungu aliyekufikisha salama, na sisi akatufikisha hai.

HISTORIA
Tupo vijana thelathini na mmoja kutoka Musoma, Bunda na Butiama. Sote tumerithi ugonjwa wa selimundu kwa wazazi waliotupatia damu hiyo bila kujua. Vipo vidonge vya kumeza kila siku ambavyo hupunguza maumivu. Mradi mmoja ulitugawia kwa miaka miwili, tukacheza mpira, tukasahau wodi. Mradi ukaisha, ukatuachia fulana hizi tulizovaa.

MAFANIKIO
Mafanikio yetu makubwa ni darasa la kulia. Lilianza kwa ajili ya Makongoro wa Kiriba, mwenye miaka kumi na tisa. Vidonge vilipokwisha, maumivu ya mifupa yalimshika. Alifika hospitali akaketi wima, kimya, kama alivyolelewa. Nesi akamtazama.

"Wewe unaumwa, au umesindikiza mtu?"

"Naumwa kidogo, sista."

"Basi subiri, kuna wanaoumwa sana."

Alisubiri hadi alasiri, akaanguka palepale kwenye benchi. Ndipo katibu wetu, Euphrasia, alipoanzisha mafunzo ya kila Jumamosi.

"Lia, mdogo wangu. Piga yowe!"

"Dada, kwetu mwanaume haliagi."

"Kwenu kuna vidonge?"

"Hakuna."

"Basi lia."

Leo wanachama thelathini wanalia vizuri na kuhudumiwa mapema. Tunajivunia.

CHANGAMOTO
Makongoro bado hajaweza. Vidonge anavipata Mwanza, kwa bei ya duka. Baba yake ameuza ng'ombe wawili. Amebaki mmoja, wa maziwa ya wadogo zake. Mwezi huu Makongoro amekataa auzwe. Anasema atavumilia. Kuvumilia anaweza kuliko sisi sote, ndiyo maana tunaogopa.

MAOMBI
Tunaomba vidonge viwepo katika hospitali zetu za wilaya, kwa bei ambayo kijana wa mkulima ataiweza. Ukituletea mwalimu bora wa kulia tutamshukuru, ila tungependa zaidi kulifunga darasa.

Makongoro ndiye yule wa mstari wa mbele, aliyetulia kuliko wote. Ameanza kuumwa tangu tulipokuwa tunakuimbia. Mheshimiwa, huo utulivu ndio maumivu yenyewe.

Mungu akulinde njiani, na ukifika mezani kwako akukumbushe jina la Makongoro.

Ni sisi,
Kikundi cha Pumzi Mpya, Mwisenge, Musoma.