Ugoro Badala ya Sigara

Basi la kutoka Masasi lilikuwa linapanda mlima wa Newala wakati Mzee Alfredi alipotoa sigara ya tatu, akakohoa kabla hajaiwasha. Agatha, muuguzi aliyetoka chuoni juzi tu, alikaa nyuma yake, na kikohozi kile kilimuuma kana kwamba ni cha baba yake mzazi.

“Shikamoo, baba,” alisema mama mmoja asiyemfahamu, aliyekaa ubavuni mwa mzee. “Unakwenda wapi na moshi huo?”

“Marahaba. Hospitali, kupimwa kifua.”

“Na huku unakifukiza! Enzi za kupanga foleni dukani sigara ilikuwa adimu, kifua kikapumzika kidogo. Sasa ni soko huria, sigara kila kibanda. Shika ugoro huu, uweke ndani ya mdomo wa chini. Ndio uliomwachisha sigara marehemu mume wangu.”

“Na akafa.”

“Alianguka kwenye mkorosho!”

Mzee alinung'unika kwamba ugoro ni wa mabibi, lakini akauweka. Agatha alijua kuwa ugoro nao una madhara yake, ila haupeleki moshi mapafuni. Kwa mtu aliyeshindwa kuacha kabisa, huenda ni nafuu. Alitamani kusema hivyo, akaona haya kumfundisha mzee. Ndipo akasikia kiberiti kikiwashwa.

“Na hiyo ya nini tena, baba?” mama alifoka.

“Ugoro unawasha. Natuliza mdomo.”

“Jamani! Nimekupa uwe badala ya sigara, siyo kitoweo chake!”

Walibishana hivyo mpaka stendi. Mzee akashuka, ugoro mdomoni, sigara mkononi, akamwuliza Agatha, aliyeshuka nyuma yake, hospitali iko upande gani.